Kisu cha Kuchunia cha Marehemu

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Mama Pacha, ndivyo ninavyojulikana mtaani. Umri: miaka 34. Kazi: mshonaji. Makazi: nyumba za nyuma ya kiwanda cha mbao.

Marehemu ni mume wangu. Mliyemweka ndani ni kaka yangu. Sikuitwa hapa, nimekuja mwenyewe, kwa sababu kaka hakuua mtu.

Mume wangu alikuwa mwindaji mwenye kibali, na kwenye mambo ya visu humwambii kitu. Waliobeba visu virefu vya kung'aa aliwacheka: "Hivyo ni vya kupigia picha." Chake kilikuwa kifupi, chenye bapa nene na mpini wa mbao usioteleza ukilowa damu. Alizoea kusema kisu butu hutaka nguvu, na nguvu haina macho.

Mnamo tarehe 6, Ijumaa jioni, alikinoa. Kisha akanywa, na pombe ikimpanda hakuwa mtu yule. Alininyooshea kisu akasema, "Kesho nikirudi tutamalizana." Kaka alikuwapo. Akamwambia, "Shemeji, ukimgusa dada nitakuua." Majirani walisikia hilo na ndilo wanaloling'ang'ania. Hawasemi kwamba kabla ya kaka kuondoka, yeye na mume wangu walishapanga safari yao ya kuwinda. Ndivyo walivyokuwa siku zote, jioni wanavutana mashati, asubuhi wako njia moja.

Alfajiri, mume wangu akiwa bafuni, nilikisugua makali kile kisu kwenye ngazi ya saruji mpaka kikashindwa kukata uzi. Nikakirudisha kwenye ala. Niliwaza shingo yangu tu. Hakukijaribu kabla ya kutoka. Angekijaribu kwa nini, wakati alikinoa kwa mkono wake?

Jana nilimletea kaka chakula hapa mahabusu. Akanieleza kwamba walipata swala kama saa nne asubuhi, mume wangu akaanza kumchuna. Kwenye kiungo cha paja kisu kiligoma. Akalazimisha, kikateleza, kikamwingia mwenyewe kwenye nyonga. Kaka alimfunga kwa shati, akatengeneza machela ya miti, akamburuta kuelekea barabarani. Alikata roho kabla hawajafika. Kaka akaniuliza, "Dada, kisu cha shemeji kilipataje kuwa butu?" Nilishindwa kumtazama.

Nilimwogopa mume wangu, na nilimpenda. Maji yamemwagika, hayazoleki, lakini kaka asibebeshwe mzigo wangu. Kipimeni hicho kisu. Mtakikuta butu.

Niliyoyasema ndiyo ninayoyajua. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya askari mwandishi: Kisu kilitolewa kwenye vielelezo mbele ya shahidi. Kilikata karatasi mara moja bila kukandamizwa. Shahidi akasema lazima kaka yake alikinoa kwenye jiwe apate kukata miti ya machela. Nilimuuliza ni nani aliyemwona kaka yake akikinoa.

Alijibu, "Mume wangu."