Gari la Baba Limeinamia Upande wa Dereva

Mpendwa Mshauri,

Kwa heshima zinazostahili nafasi yako, naomba msaada katika jambo ambalo nimelipima kwa rula, kwa pima maji na kwa sala, na bado halijanyooka. Mimi ni mtunza stoo katika kiwanda cha magodoro, na ufundi wa magari sikuusomea popote bali nimejifunza mwenyewe kwa kutazama video na kusoma.

Marehemu baba yangu alituachia gari la kizamani, lenye taa za mviringo na milango mizito, ambalo aliacha kuliendesha miaka yake ya mwisho kwa sababu lilikuwa limeinuka mno na magoti yake hayakumruhusu tena kupandisha mguu, likabaki nyuma ya nyumba chini ya turubai hata alipofariki kitandani mwake kwa maradhi, na baada ya msiba huo mama akaacha kusema, akawa anaonja chakula na kurudi kulala, ndipo nikaazimia kulifufua gari hilo kwa mikono yangu, nikiamini kwamba mngurumo wake utamrudisha kwetu.

Nilikwangua kutu, nikapaka puti, nikapiga msasa, nikashona viti upya, kisha nikaamua kulishusha, kwani magari ya aina hiyo hupendeza yakilala karibu na ardhi. Nililipandisha juu ya matofali, nikazitoa springi, nikazikata kwa grenda kwa kipimo kimoja, nikazirudisha, na gari likakaa chini kwa namna ya kupendeza mno. Siku hiyo mama alitoka nje kwa mara ya kwanza. Alilizunguka, akaligusa paa, akasema, "Ahsante, mwanangu. Sasa ataweza kupanda."

Nilichukulia kuwa ni lugha ya majonzi. Kesho yake gari lilikuwa limeinama upande wa dereva, kiasi ambacho jirani alikiona akiwa ng'ambo ya ukuta. Nilihamisha springi za kushoto kulia na za kulia kushoto, likainama upande uleule, nilipunguza upepo wa matairi ya upande wa abiria, likainama, hatimaye nikakifungua kiti cha dereva na kukitoa kabisa ili kupunguza uzito, na bado likainama, na mama, aliyekuwa dirishani, akaniita kwa upole, "Mrudishie kiti chake. Unamkalisha kwenye bati."

Tangu nilipokirudisha, kila alasiri mama huingia upande wa abiria, hufunga mlango, hupandisha vioo jua likiwa kali, na hutoka bila tone la jasho. Akiingia tu, gari hulingana sawasawa, hata pima maji haipindi; akishuka, huinama tena. Humo ndani huzungumza na kucheka. Nimesimama karibu nikasikiliza: husikika sauti yake, kisha kimya chenye urefu wa jibu, kisha sauti yake tena.

Mke wangu alinicheka mwanzoni. "Fundi wa video," alisema, "umelipinda gari la watu, sasa unamsingizia marehemu." Siku moja akampelekea mama chai garini, akarudi akiwa ameshika sinia kwa mikono yote miwili. "Vikombe nilipeleka viwili kwa mzaha," akasema. "Vyote vimerudi vitupu." Tangu hapo haaniki nguo nyuma ya nyumba.

Sasa mama anakula, anaimba, amenawiri. Lakini amemgawia mke wangu sufuria zake zote, amezikunja nguo zake ndani ya begi, na ameacha dawa zake za presha, akisema, "Tunakokwenda sizihitaji." Kazi iliyosalia ni mabomba ya breki na betri, na kila asubuhi huniuliza, "Bado nini?"

Mshauri, nikilimaliza gari, nahofia kumpoteza mama. Nikiliacha, nahofia atarudi katika ule ukimya uliokuwa ukimmaliza. Naomba unielekeze lipi linipasalo.

Wako katika unyenyekevu,
Mtunza Stoo

*

Mtunza Stoo,

Pole kwa msiba, na pole kwa hofu unayoificha nyuma ya maneno mazuri. Barua yako imenyooka kuliko gari lako.

Mama yako ameacha dawa za presha, na wewe unanieleza habari za pima maji. Leo hii, kabla hujalikunja gazeti hili, mpeleke akapimwe. Usibishane naye juu ya safari. Mwambie tu kwamba baba asingekubali aondoke bila dawa, maana nadhani huo ndio ukweli.

Halafu hayo matofali. Nani alikudanganya kwamba tofali ni kitu cha kubebea gari? Tofali hupasuka bila kuaga, na wewe uko chini yake. Barua yako nilimsomea fundi wa springi, mtu mzima aliyezeekea kwenye kazi hiyo. Alisema grenda huunguza chuma, na springi iliyoungua hulala. Alisema pia kwamba gari likinyanyuliwa vibaya hujipinda bodi, ndiyo maana kuhamisha springi hakukusaidia kitu. Nikafurahi, nikajua jibu nimelipata. Nikamsomea jinsi gari linavyolingana mama akiingia, akasema hata hilo lina hesabu yake. Nikamsomea habari ya vikombe. Akafuta mikono yake kwa kitambaa, akasema, "Dada, hapo umeshatoka kwenye springi," akarudi kazini.

Mimi si mganga na sitajifanya. Sijui nani yumo ndani ya gari hilo. Ninachokiona ni kwamba mama yako anaongea naye, mkeo amempelekea chai, na wewe mwanawe umempima kwa rula na kumng'olea kiti. Hata kumwamkia hujamwamkia. Na mama yako naye umemfufulia gari badala ya kukaa naye. Alipokuwa haongei, ulikuwa nje unapiga msasa. Kaa naye mezani. Muulize baba yako alimposaje, alimchekesha kwa maneno gani, walikuwa wakienda wapi na hilo gari. Akitaka kucheka na mtu alasiri, acheke na wewe, kioo kikiwa wazi.

Breki usiziguse. Betri usiifunge, na ikiwezekana isikae hapo nyumbani. Tafuta springi nzima za gari la aina hiyo, zisizokatwa na mtu, na ulirudishe kwenye urefu wake wa zamani, juu ya stendi za chuma, fundi wa kweli akisimamia. Na usifanye hayo kwa kumvizia mama. Mwambie mkiwa mmesimama kando ya gari, ili asikie yeye, na asikie yeyote mwingine anayesikia.

Siku ya kazi hiyo ya springi, mchana, mama akiwa jikoni na mkeo, fungua mlango wa dereva mpaka mwisho. Mwamkie baba yako kama ulivyokuwa ukimwamkia akiwa hai. Mwambie mama anabaki, na kwamba mtamtunza. Mpe mkono ashuke. Magoti yake unayajua. Kisha subiri, hata fundi akikuharakisha, na usiingize jeki mpaka uone upande ule umenyanyuka wenyewe.