Jina Lililobandikwa Getini

Tukuyu,
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa mdogo wangu Ikupa,

Ugonile. Natumaini wewe, shemeji Ezron na watoto hamjambo, na viazi huko Isongole havijaoza kwa mvua hii. Mimi mwili hauna neno, ila tangu Ijumaa chakula hakipiti. Kwenye simu ningeanza kukudanganya tena, ndiyo maana naandika.

Ijumaa ulinipigia ukilia kwa furaha. Ulisema Ezron alipita kiwanda cha chai, akakuta majina ya walioitwa usaili wa ukarani wa mizani yamebandikwa getini, na jina lako limo. Ukasema mama amemshukuru Mungu kwa magoti, na gauni umeshapeleka kwa fundi. Nikakupongeza, nikakata simu upesi.

Unakumbuka nilipofeli darasa la saba. Kurudia darasa kulikuwa marufuku, na wewe ulikuwa umeacha shule umuuguze mama. Baba akaongea na mwalimu, nikakalia dawati lako na kuitwa Ikupa Mwakibinga. Wengi walifanya hivyo, wala hatukuona kosa, tena tulicheka. Nilipomaliza kidato cha nne nilikwambia nimeshakula kiapo kwa wakili na kurudia jina langu. Sikwenda, Ikupa. Niliogopa wataninyang'anya vyeti, nikasema nitakwenda kesho, na kesho ikawa miaka tisa.

Tangazo la kiwanda lilipotoka, nikaomba kazi kwa vyeti hivyohivyo. Wiki ileile ukanitumia bahasha yako ya maombi niipeleke, na ndani yake cheti chako cha kidato cha nne ulichokipata kwa kujisomea huku unalima na kunyonyesha. Nilifika nayo mpaka getini. Nikawaza, Ikupa Mwakibinga wawili, baba mmoja, kijiji kimoja, mwaka mmoja wa kuzaliwa, si wataita polisi? Nikarudi nayo nyumbani. Ipo kabatini chini ya vitenge.

Jina lililobandikwa getini, mdogo wangu, ni mimi.

Naogopa. Watu wamefungwa kwa mambo haya. Mlango ukigongwa nashtuka, hata akiwa jirani anaomba chumvi. Nisipokwenda kwenye usaili Alhamisi, wewe hawatakuingiza, maana maombi yako hawana. Nikienda, utanikuta pale. Jela naiogopa, lakini macho yako nayaogopa zaidi, na msamaha wa jambo kama hili sijui hata unaombwaje.

Jumatano ukija kwa ajili ya usaili, nitakupokea stendi, bahasha yako mkononi. Ukitaka twende wote kwa meneja tukaseme kweli, nitatangulia mbele. Ukiamua kuninyamazia, basi ujue Alhamisi wataita Ikupa Mwakibinga, na wewe utasimama nje ya geti unisikie nikiitika.

Wabusu watoto, msalimie shemeji. Mama usimwambie kwanza, presha yake tunaijua.

Dada yako,
Tusekile