Kijineno "Up"

Tarehe 3 Machi

Kitindamimba wangu,

Hujambo huko, na hao wanafunzi hawajakumaliza sauti? Sisi wazima. Mgongo tu unanung'unika, na huo tabia yake unaijua.

Sasa kaa kitako. Meneja mpya amefika kiwandani, na kiti cha msimamizi wa chumba cha cherehani kiko wazi! Usaili ni tarehe 28, kwa Kiingereza. Miaka kumi na tisa nashona sare hapa, na kila msimamizi aliyenisimamia nilimfundisha kazi mimi. Safari hii nakitaka kile kiti, mwanangu. Nakitaka sana.

Nifundishe. Kiingereza changu ni "yes" na "sorry", na yote mawili yamenichosha.

Mama

Tarehe 9 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, sauti imebaki nusu. Barua yako nimeisoma nikarukaruka mbele ya walimu wenzangu!

Nakutumia vipande vya magazeti ya Kiingereza, vyote habari za morali kazini, maana ndiyo mameneja hupenda kuulizia. "Morale" si mgeni: ni morali yetu, ari ya kazi. "Low" ni chini. "Staff" ni wafanyakazi. "Fire" ni moto, lakini kazini "fired" ni kufukuzwa. Soma kwa sauti ukipika. Na ukikwama, niulize kwanza kabla hujakimbia na jibu lako. Nakujua.

Mwanao, Kitinda

Tarehe 21 Machi

Mwalimu wangu,

Kama u mzima, shukuru. Mimi leo nimezua balaa.

Leo fundi wa pasi kaja na gazeti, kiwanda chetu kimo, na picha ya meneja anacheka. Wote wakanisukumia: "Soma, dada, wewe ndiye msomi wetu." Nikasoma: "Staff fired up, says new boss." Nikawaambia, jamani, tumefukuzwa. Sote. Na mwenyewe anacheka!

Kilio kilichozuka hapo! Mwenzangu wa vifungo akaanza kukusanya vitu vyake. Mimi hasira zikanipanda, nikaingia ofisini bila hodi, wenzangu thelathini nyuma yangu. Nikabwaga gazeti mezani. "Morale low!" nikasema, na mdomo ukafunguka wenyewe. Kwa maneno yako ya magazetini nikamweleza taa hafifu, sindano kuukuu, choo kimoja kwa watu themanini. Nikamaliza na "Not sorry!"

Akalitazama gazeti, akashika kichwa. "Nobody fired," akasema mara mbili. Hakuna aliyefukuzwa! Kisha akachukua kalamu, akaniuliza taa zipi, sindano zipi. Nikamjibu zote.

Kiti nimekitupa kwa mdomo wangu, najua, na roho inaniuma. Lakini gazeti liliandika nini hasa?

Mama yako, mpiga kelele

Tarehe 25 Machi

Mama!

Shikamoo, pole, na nisamehe. Nimecheka mpaka mkuu wa shule amekuja kuuliza kulikoni. Kosa ni langu, sikukufundisha "up". Kijineno hicho kikikaa nyuma ya "fired", maana inageuka kabisa: wafanyakazi wamewaka, wana morali ya kutisha! Meneja alikuwa anajisifu gazetini. Wewe ukaenda kumwambia usoni kwamba si kweli.

Usaili usiuache. Nenda hata kama unaona aibu. Tafadhali, Mama.

Kitinda

Tarehe 6 Aprili

Mama, shikamoo. Mbona kimya? Posta sasa wakiniona wanatikisa kichwa kabla sijauliza. Kama wamekunyima, niambie tulie pamoja. Kama hukwenda, sitakasirika. Nitakasirika kidogo.

Kitinda

Tarehe 11 Aprili

Kitindamimba wangu,

U mzima? Usinune. Nimekosa hata dakika ya kushika kalamu, nasimamia mafundi wanaofunga taa.

Ndiyo, umesoma vizuri. Nasimamia!

Tarehe 28 nilivaa gauni la harusi ya dada yako, nikaingia. Meneja alikuwa na karatasi aliyoandika siku ile ya kelele. Akasema usaili nilishaufanya, tena na mashahidi thelathini. Akauliza swali moja tu, kwa aibu kidogo: "Staff fired up?" Safari hii kijineno nilikisikia. Nikamjibu "Not yet." Bado. Choo kwanza.

Akacheka, akanipa funguo.

Leo asubuhi nimewasha taa zote kwa mkono wangu. Mwenzangu wa vifungo akalia tena, nikamkemea, hakuna aliyefukuzwa hapa. Kiti nimekikalia mara moja tu nione kikoje. Kigumu, mwanangu. Nakipenda.

Mama yako, fired up