Nilimfundisha Binti Yangu Kufaulu Dodoso la Huzuni

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi nipokee hivyohivyo, maana mwenye shida hachagui mlango, naomba sana msaada wako. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mume wangu naye ni mwalimu na husahihisha mitihani ya taifa, kwa hiyo kwetu mtihani ndio chakula, watoto wamekua wakijua kwamba hakuna swali linalojibiwa bila maandalizi. Binti yetu mkubwa yuko chuo, anasomea upimaji wa ardhi, alirudi likizo amekonda, halali, chakula anakizungusha tu kwenye sahani, ukimuuliza anasema "niko sawa, mama" huku anatazama ukuta, chuo kikafunguliwa hakurudi, baba yake akasema ni uvivu, mimi nikasema ni mapenzi, na yeye hakumbishia hata mmoja wetu.

Nikampeleka zahanati, muuguzi akanipa dodoso, karatasi ya maswali kuhusu usingizi na huzuni na kukata tamaa, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu akasema akajaze nyumbani turudi kesho yake. Hapo ndipo ualimu uliponiponza. Tulikaa mezani kama tulivyokaa kabla ya kila mtihani wake tangu darasa la kwanza, mimi nasoma swali yeye anajibu, jibu likiwa baya namwambia "hapana, fikiri tena", naye anafuta, na tulipofika kwenye swali la kama amewahi kuona afadhali asingekuwepo duniani alishika kalamu bila kuandika, mimi nikasema, "Hilo weka 'hapana kabisa', wakiona vingine watakufungulia faili la vichaa, nani atakuajiri?" Akaweka. Alama zikatoka za chini, ambazo kwenye dodoso lile ndizo nzuri, baba yake akanunua soda tukanywa. Yule muuguzi alimtazama sana mwanangu, akaniambia, "Mama, hii karatasi ni ya kuchuja tu. Mimi ningependa aonane na daktari wa magonjwa ya akili, afanyiwe tathmini kamili." Nikamshukuru, nikaondoka na mwanangu.

Sasa chuo kinadai cheti cha utimamu wa akili kabla ya kumpokea, mume wangu anataka hicho kwa sababu ni saini tu, wifi yangu anasema apimwe uwezo wa akili pengine masomo yamemzidi, mimi nafikiri turudie dodoso, na ile tathmini ya muuguzi inanitia hofu, nasikia wanauliza mpaka mambo ya ukoo. Vipimo vinne, mtoto mmoja, tuchague kipi? Haraka hakuna sana, maana wiki hii ametulia, halii, amefua nguo zake zote na kuzikunja, amempa mdogo wake saa yake na vile viatu alivyokuwa hataki viguswe, akamwambia "wewe utavitunza kuliko mimi", hata baba yake amesema roho yake imeanza kuchangamka. Nimeweka namba yangu ya simu hapo chini.

Mwalimu wa hesabu

*

Mwalimu, barua yako niliimaliza nimesimama, na sikuiacha isubiri zamu yake gazetini. Nilikupigia dakika ileile, na umeniruhusu kuichapisha, kwa hiyo nitayarudia niliyokwambia, kwani meza kama yako iko kwenye nyumba nyingi.

Jambo kubwa kuliko yote umeliandika mwishoni, kama kwa kupita njia. Mtu aliyekuwa na huzuni nzito akitulia ghafla, akakunja nguo, akagawa vitu anavyovipenda, hajachangamka. Huenda anaaga. Ndiyo maana nilikuambia usinisikilize mimi, nenda ukakae naye, asiachwe peke yake hata bafuni bila mtu mlangoni, dawa zote na vyenye makali viondoke nyumbani, na muende hospitali yenye daktari wa akili siku hiyohiyo, mlango wa dharura. Pale hupimwa kwanza usalama wake: yuko hatarini kiasi gani leo. Kipimo hicho hakikuwa hata kwenye vinne vyako.

Baada ya hapo ndipo ije tathmini kamili, ileile ya muuguzi uliyemshukuru ukamkimbia. Ndiyo, wataulizia ukoo. Wataulizia na usingizi, chuo, aliyempenda na aliyemwumiza, watampima na damu, kwa sababu upungufu wa damu au hitilafu ya tezi ya shingo huweza kumchosha mtu hivyohivyo. Mwache azungumze na daktari peke yake. Wewe kaa kwenye benchi nje, utaitwa zamu yako ikifika, na ukiitwa sema kila kitu, pamoja na habari ya ile meza.

Dodoso si baya. Ni chekecheo, na wewe ulikaa chini yake ukarudisha juu kila kilichodondoka. Kupima uwezo wa akili kusubiri, wifi anisamehe, huwezi kupima mbio za mtu mwenye homa. Na cheti cha utimamu ni cha chuo, hakimtibu mtu. Mumeo azime hiyo haraka yake, chuo kilikuwepo kabla ya mwanenu na kitamsubiri.

Nikugombeze? Nitakugombeza kidogo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sikupenda kuandika methali hiyo kwa mama mwenye hofu, lakini uliogopa faili kuliko ulivyoogopa kumpoteza mtoto. Hukufanya kwa ubaya. Ulimsaidia kwa njia pekee uliyoijua, ile iliyomfikisha chuo, na najua inavyokuuma sasa.

Nashukuru kwamba mlikwenda. Yuko wodini, wanaendelea naye taratibu. Ila kuna deni moja limebaki, nalo umenieleza mwenyewe kwenye simu: kwamba mlipokuwa mnangoja kuitwa, alikugeukia akauliza, "Mama, leo nijibu vizuri au nijibu kweli?" na wewe ukashindwa kusema kwa kilio, mpaka muuguzi akaja kumchukua.

Kwa hiyo aliingia bila jibu lako. Leo saa ya kuona wagonjwa ikifika, nenda ukampe.