Koti la Mzee Ojok

Dada Nafula,

Pokea salamu zangu za moto kutoka huku Kampala. Mguu wa Mama unaendeleaje? Bado anabisha kwenda hospitali? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho haina raha hata kidogo.

Najua unangojea koti la jeshi nililokuahidi, la kuvaa alfajiri ukikamua. Usininunie. Halitakuja.

Unamkumbuka Mzee Ojok niliyekusimulia, jirani yangu hapa soko la Owino, aliyekuwa askari wa jeshi la zamani? Kibanda chake nilikipenda kuliko vyote sokoni: mahema, buti, chupa za maji za bati, mikoba ya turubai, yote mitumba ya majeshi ya Ulaya. Mabeseni yangu yakikosa wateja, naingia humo kujaribu buti nisizonunua. Naye hucheka: "Wekesa, wewe nataka kwenda vita gani?"

Raia akishikwa hapa na nguo ya kijani ya jeshi, kwisha maneno. Kwa hiyo Mzee alichemsha kila koti kwenye pipa la rangi nyeusi kabla ya kuliuza. Juzi rangi ikaadimika mjini, akaizidishia maji ili itoshe. Koti moja likachukuliwa na mvuvi wa Ggaba. Hebu fikiria, mtu anayeshinda majini! Ziwa likaosha weusi, kijani kikatokeza, askari wakamkamata palepale ufukweni. Alipobanwa akawaleta moja kwa moja kibandani. Wakambeba Mzee na mali yake yote. Na vile ni mtu wa kaskazini, kunakopiganwa na waasi, nani atamsikiliza siku hizi?

Mkewe akanijia analia. "Askari nasikia Kiswahili. Wewe iko na Kiswahili ya nguvu. Enda ongea nao."

Nikaenda kambini. Nikasalimu kwa adabu, nikaeleza habari ya pipa na rangi, sikuacha kitu. Yule wa getini akanikazia macho. "Kiswahili hii si ya hapa. Ni ya Kenya. Nani natuma wewe?" Dada, kadiri nilivyojieleza vizuri ndivyo nilivyozidi kuonekana mpelelezi! Nikafukuzwa, nikaambiwa nikirudi nitalala ndani.

Sijarudi. Naogopa, sikufichi. Nikirudi nitafungwa, na Mzee hatatoka. Nisiporudi, hatatoka vilevile. Mkewe hupita kila siku kuniuliza kama nimeongea nao, nami napangapanga mabeseni yaliyokwisha pangwa.

Nisalimie Mama, Baba mdogo wa kinu cha mahindi, na shemeji yangu mumeo, mpole yule anayekuvumilia. Mwombe mchungaji amtaje Mzee Ojok kanisani Jumapili. Atataka jina lake la ubatizo, nami silijui. Kumuuliza mkewe siwezi. Atadhani nalitaka la kuandika kwenye msalaba wa kaburi.

Mdogo wako akupendaye,
Wekesa