Wasomaji Usiowahesabu

S.L.P. 417,
Ukunda.
Jumatano, 10 Novemba 1999

Mpendwa ndugu yangu Abdulaziz,

Assalaam aleikum. Marahaba kwa shikamoo uliyoniandikia, na pole kwa baridi ya huko Leicester. Kifua chako kimepoa? Sisi hapa Galu hatujambo, alhamdulillah. Mvua za vuli zimenyesha kidogo, mihogo imeshika, na Mama goti humsumbua asubuhi tu, likishapata jua linanyooka.

Barua yako nimeipata, nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekasirika. Unasema utaufunga ukurasa wako wa intaneti mwezi huu ukiisha, kwa sababu kile kihesabio cha chini hakisogei, na hakuna anayesoma. Mdogo wangu, hebu keti nikwambie. Wasomaji unao, tena mimi nawajua kwa majina.

Unamkumbuka Winrose, binti wa Mzee Munyoki, niliyesoma naye Kwale? Sasa yuko afisini katika hoteli moja hapa Galu, na meneja wake amemruhusu kutumia kompyuta kazi ikiisha. Kila wiki huufungua ukurasa wako, huuchapa, na siku yake ya mapumziko hutuletea karatasi bandani, pale tunaposhona makuti ya mapaa ya hoteli. Mikono ina kazi lakini masikio hayana. Mimi husoma kwa sauti, wenzangu husikiliza. Kihesabio chako humhesabu Winrose peke yake, kumbe nyuma yake kuna banda zima la wanawake.

Basi kwa kuwa nakusoma mbele ya watu, najua unapowapata na unapowapoteza kuliko unavyojua wewe. Ulipoanza na “Katika ulimwengu huu wa sayansi na teknolojia”, shangazi Mwanaima aliinuka kwenda kunywa maji, na hakurudi mpaka nilipomaliza. Ile ilikuwa insha ya kumfurahisha mwalimu, na mwalimu wako alikwishastaafu zamani! Lakini uliposimulia ulivyoshuka kwenye basi, kiatu kimoja kikabanwa mlangoni na basi likaondoka nacho, mikono yote ilisimama. Bwana Chengo anayekuja kuchukua makuti alikuta kazi nusu, akatuuliza tuna msiba gani.

Kwa hiyo anzia kwenye kiatu. Historia ya mji itaingia yenyewe huko mbele, ukiona ina haja. Andika kama unavyonisimulia mimi, kwa maneno ya kwetu, maana ukishaanza kujitia usomi hatukutambui. Na watu uwape majina. “Mwenzangu mmoja wa kazini” sisi hatumjui, na Bi Biasha amekataa kabisa kumsikiliza mtu asiye na jina, anasema huenda umemtunga. Tena ukiahidi habari, uilete. Ulituacha na mwenye nyumba wako amesimama mlangoni amefura kwa hasira, kisha ukanyamaza wiki nzima, na uliporudi ukatuletea mambo ya bei ya viazi. Tulikutukana, nisikufiche.

Sasa nije kwenye jambo kubwa, ambalo nimelichelewesha makusudi ili usome mpaka hapa. Ni Mama. Tangu uondoke bila kumuaga wala kumwomba radhi, jina lako halitaji. Ukipiga simu dukani kwa Mzee Chirau haendi kuipokea, wewe mwenyewe wajua. Nilipoanza kusoma karatasi zako alikuwa akihamia upande wa pili wa banda na makuti yake, akatugeuzia mgongo. Lakini haondoki. Nami sikumsemesha, nilipandisha sauti tu.

Wiki iliyopita nikasoma ile habari ya jirani yako, yule bibi wa Kizungu aliyekuletea keki. Wewe umeimaliza kwa sentensi moja: ukaila, ukaiosha sahani, ukamrudishia. Kisha ukatutia kwenye theluji ukurasa mzima. Hiyo theluji hakuna aliyeisikia, maana makelele yalikuwa yamekwisha kuzuka.

“Kairudisha tupu?”

“Mtoto wa kwetu huyu? Tupu?”

Mwanaima alijishika kichwa. Ndipo Mama, bila kugeuka, akasema: “Mwambieni sivyo nilivyomlea. Natafute kitu, hata vitumbua viwili, ampelekee huyo mama wa watu.”

Abdulaziz, hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwako kwa miaka miwili. Sikuweza kuendelea kusoma, machozi yalinijaa, na wenzangu wakajifanya wameshughulika na makuti. Hotuba zako zote za teknolojia hazikumtoa neno. Ni sahani ya jirani iliyomtoa, na wewe ulikuwa unaipita mbio.

Ukitaka kuufunga ukurasa, haya, ufunge, lakini ujue ni nani unayemfungia. Mimi najua hutaufunga. Pika hivyo vitumbua, hata vikiungua, mpelekee jirani, kisha utuandikie alisema nini alipofunua sahani. Uiandike pole pole, usitupunje.

Shangazi Mwanaima anakusalimu sana na amekwisha kukusamehe nusu. Bi Biasha anakusalimu na bado anamsubiri yule mwenye nyumba. Mzee Chirau na Winrose nao wanakusalimu. Mwenyezi Mungu akukinge na baridi na maradhi, akupe riziki ya halali, na akufungulie njia ya kuja kutuona tungali hai.

Mama hakutuma salamu, nami sitamzulia. Ila sasa hivi nikiwa hapa barazani naandika, amepita na kikombe chake cha chai, akasimama, akaniuliza kama Winrose anakuja kesho, au ni keshokutwa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikugombeza,

Twaiba