Muhuri Wako Chini ya Vikombe Vyangu

Mama Birgit,

Ulinikataza kukuita hivyo. "Hapa kazini mimi ni Birgit tu," ulisema, na kwa miaka sita nilishindwa. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha usiyoijua, maana kwa Kiswidi ningejikuta nina adabu, na leo sina.

Tangu tukuzike, karakana yako ya ufinyanzi hapa Sundbyberg inaendelea; funguo anazo mpwa wako Anders. Kiwanda kimeacha kutengeneza sahani ulizokichorea ujanani, zile nyeupe zenye ukingo wa buluu. Nilikuwa napakulia chakula changu humo nilipokuwa mfagiaji kule Märsta, kabla sijajua kwamba sahani huwa na mtu aliyeiwaza. Sasa watu wanazisaka kwenye maduka ya vitu vilivyotumika. Ungecheka, halafu ungekasirika.

Kuna jambo linaniandama. Ulifariki ukiwa umeahidi vikombe kwa ajili ya maonyesho, na hukuvimaliza. Kumi na kimoja vilivyobaki nilivifinyanga mimi. Anders alivishika akiwa amefumba macho, kama ulivyozoea kufanya, akasema hakuna atakayevitofautisha na vyako. Akanipa muhuri wa jina lako. Nikaupiga, Mama. Kwenye vyote.

Siku ya maonyesho, bibi mmoja uliyesoma naye chuoni alikikumbatia kikombe changu kwa viganja viwili, akalia. "Huu ni mkono wake," alisema. Nilikuwa nimesimama karibu naye na trei ya juisi. Nikamkaribisha juisi.

Tangu hapo udongo haunisikii. Nakaa kwenye gurudumu la kufinyangia nikitaka bakuli langu la maharage, pana na zito, la kulia watu wengi pamoja. Linainuka jembamba, lenye shingo iliyobana. Lako. Nalibomoa, naanza upya, linakuja lako tena. Juzi nilihisi kidole gumba chako juu ya changu, kinasukuma. Nikasema kwa sauti, "Niache!" Hapakuwa na mtu. Nakupenda, na ninakuogopa.

Kesho asubuhi nitamwambia Anders kwamba tumekosea, kisha nitampigia simu yule bibi. Huenda karakana ikafungwa. Huenda wakaniita mwizi, na sitabisha. Kama ni kurudi kufagia, nitafagia. Ila nakuahidi, sitapiga tena jina lako kwenye kazi ambayo hukuigusa.

Pumzika sasa, Mama Birgit. Nirudishie mikono yangu.

Espérance